Celica Juu ya Magogo

Khairiya binti Ussi aliachika mara moja tu, na kila mtu kijijini alikuwa na sababu yake ya kueleza. Waliokuwa upande wake walisema mumewe, Rajabo, ana mdomo. Waliokuwa upande wa Rajabo walisema ni gari. Khairiya mwenyewe ukimwuliza alicheka, akafuta kioo cha mbele kwa upindo wa kanga, akakujibu kwamba vyote viwili ni kweli, ila gari ukilizima linanyamaza.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Celica ya mwaka tisini, milango miwili, lina turbo, na magurudumu yote manne yanavuta. Taa zake za mbele mchana zinalala ndani ya boneti, ukiziwasha zinainuka kama macho ya kaa. Alilinunua Mtwara baada ya miaka kumi na miwili ya kuvusha vitenge na magodoro mto Ruvuma, na siku ya kulileta alisimama juu ya pantoni amelishika mlango kama mtu anayevusha mgonjwa. Wakati huo gesi ndiyo kwanza imeanza kutajwa huko baharini. Wageni wa meli wakija Palma walisimama kulitazama, na mmoja, aliyemkuta Khairiya anauza maji ya chupa, akauliza bei. Khairiya akamtajia bei ya maji.

Hakuliacha kama alivyolikuta. Viti alivishonea vitambaa mwenyewe, vitundu vidogo vidogo kama vya kofia ya Idi, kazi ya Ramadhani mbili. Bomba la moshi alichomewa na Narciso, fundi wa Palma, aliyeagizwa sauti nene lakini isiyo na matusi. Kila Ijumaa alilala chali juu ya mkeka akaliosha tumbo kwa maji ya kisima, maana chumvi ya pwani inakula bati kuliko mchwa. Kichwa cha gia alichongewa kwa mpingo na Cosme, Mmakonde wa Mueda. Yeye aliagiza kiduara tu, cha kushikika. Cosme akamletea kichwa cha mtu, na mtu mwenyewe ni Rajabo, pua na masikio. Alipolalamika, Cosme alisema uso umetoka wenyewe ndani ya mti. Khairiya akakipachika. Tangu hapo kila akibadili gia alikuwa amemshika mtalaka wake utosini, na hakuona ubaya.

Sharti lake lilikuwa moja: samaki hapandi.

Basi, ikajulikana kwamba gesi ya baharini inataka pahala nchi kavu, na pahala penyewe ni hapo walipo wao. Kijiji kizima kihamie Quitunda, kwenye nyumba za matofali zilizopangwa mistari, mbali na maji. Watu walipelekwa kuziona. Wanawake wenziwe waliingia vyumbani, wakafungua mabomba, wakauliza moshi wa jiko utatokea wapi. Khairiya hakuingia ndani. Alibaki nje, akachutama, akapitisha kiganja juu ya barabara. Ilikuwa ya kifusi chekundu kilichoshindiliwa, nyororo, inakwenda mpaka Palma bila shimo. Miaka yote ile hakuwahi kuwa na barabara ya kulitosha gari lake.

Wiki hiyohiyo alimwita Narciso uani.

"Nataka lishuke," akamwambia. "Likae chini, kama yale ya kwenye picha."

"Mama Khairiya, hapo ni kukata springi. Na springi si nywele, ikikatwa haioti."

"Nimekuuliza kama inaota?"

Narciso akakata. Gari likakaa juu ya mawe majuma matatu, halina magurudumu. Liliporudishiwa, lilikuwa limeinama vizuri mno, kuku hapiti chini yake. Khairiya alilizunguka mara saba, kisha akaleta chai, akanywa huku analitazama.

Kitu kimoja hakukifikiria, na si yeye tu, hata Narciso. Barabara ile nyororo ilianzia kwenye geti la kampuni ya gesi, mwisho wa kijiji. Kutoka uani kwake hadi getini ulikuwepo mchanga, mwendo wa mtu kumaliza muwa mmoja. Zamani alikuwa anaupita, analipeleka gari upande upande. Lakini majuma yale matatu malori ya kuhamisha watu yalikuwa yanapita hapo kutwa, yakachimba njia mbili za kina cha goti na kuacha tuta katikati. Alilitengeneza gari kwa barabara anayokwenda, akaisahau ya kutokea.

Siku ya mwisho ya kuhama ilikuwa Alhamisi. Geti linafungwa saa kumi alasiri, na kitakachobaki ndani kimebaki. Saa tatu asubuhi Khairiya aliwasha moto, akasoma bismillahi, akatoka uani. Hakufika mbali. Gari lilikalia tuta kama kuku anayeatamia, magurudumu yote manne yakazunguka hewani na kumwagia mchanga mbuzi wa jirani.

Alikuja Luísa, binti wa kampuni, msichana wa Pemba ya huku Msumbiji, mwenye adabu na karatasi nyingi.

"Pole, Dona Khairiya. Lori la mwisho litakuja saa nane. Vyombo vyako vyote vimo kwenye lista."

"Mbuzi wangu?"

"Yumo."

"Mlango wa choo?"

"Umo."

"Na hili?"

Luísa akafunua karatasi, akafunga. "Viatura haipakiwi. Gari lazima litoke kwa miguu yake."

"Mbuzi hana miguu?"

Luísa akatazama chini ili asicheke. Aliita kwenye redio aombe trekta. Akajibiwa trekta liko upande wa pili, litapatikana kesho, na kesho hapo hapaingii mtu. Narciso naye akasema hata likija, ukilikokota gari kwa tumbo nusu ya injini utaiacha mchangani. Springi nyingine ziko Mtwara, na pantoni imekwama kwenye fungu la mchanga tangu juzi.

Khairiya alikaa kwenye kiti chake cha vitundu, mlango wazi, mguu mmoja nje. Alijua nini cha kufanya tangu gari lilipokaa. Alikuwa anatafuta kingine.

Hakukuwa na kingine. Akavaa baibui akaenda pwani.

Mashua zilikuwa zimeshaondoka kwa njia ya maji, zimepelekwa Palma. Kilichobaki ni magogo, yale ya minazi wanayolazia chini ya chombo wakati wa kukishua majini, yamelainika kwa miaka ya vyombo kuvutwa juu yake. Rajabo alikuwa ameyakalia. Tangu ujana wake yeye ndiye mwenye magogo na mwenye kuitisha. Pasipo sauti yake chombo hakitoki mchangani.

"Mama Sumaia," akasema, maana walikuwa na binti mmoja, Sumaia, aliyeolewa Mocímboa. "Naona umekuja kwa miguu."

"Nimekuja kukutazama, Baba Sumaia. Nasikia umenenepa."

"Nimekonda."

"Basi wamenidanganya." Akakaa gogo la pili. "Gari limekwama."

"Nimelisikia. Limelia kama ng'ombe anayezaa."

"Nataka mniondolee."

"Tuondoe nini?"

Rajabo alitaka kazi itajwe kwa jina lake la pwani. Khairiya akatazama bahari kidogo, kisha akasema polepole, kila neno kama anatoa jino: "Nataka mnishulie chombo changu."

Rajabo alikwangua gogo kwa ukucha. "Mwenye chombo anapika," akasema.

"Najua."

"Wali wa nazi. Na mchuzi usio na haraka. Miaka yote uliyokuwa na gari hilo, mchuzi ulikuwa na haraka."

"Nitapika Quitunda. Sufuria zimeshapakiwa."

"Basi twende, kabla jua halijawa kali."

Walikuja wanaume ishirini na sita, wote wanaojua kazi ile, na hata wazee wawili waliokuwa wameshakaa kwenye lori walishuka. Rajabo aliwasimamisha, wakasoma Fatiha, viganja vimekunjuliwa mbele ya boneti. Narciso, ambaye ni Mkristo, alivua kofia.

Walichomeka miti minne chini ya ubavu wa gari, wakainama, wakaliweka begani. Lilipopanda, magogo yakalazwa kukingama njia, toka ukingo huu mpaka ule, juu ya tuta. Wakalishusha juu yake. Sasa magurudumu yalikuwa juu ya minazi na tumbo halikugusa kitu.

"Ingia ushike usukani," Rajabo akamwambia. "Moto zima."

"Likinisaidia kidogo?"

"Ukikanyaga mafuta gogo litatoka lituvunje miguu. Weka gia huru. Leo linakwenda kwa pumzi za watu."

Akaweka huru. Rajabo alikuwa ameinama dirishani kuhakikisha, akakiona kichwa cha mpingo ndani ya kiganja cha mtalaka wake. Akakitazama kwa muda.

"Huyu ni nani?"

"Muulize Cosme. Anasema alikuwemo ndani ya mti."

"Pua si yangu."

"Nami nilimwambia. Kaipunguza."

Watu wa karibu walisikia, na kicheko kikapita mpaka nyuma ya gari. Rajabo akanyooka, akaenda mbele, akaitisha. Sauti ilikuwa ileile ya pwani. Akiita moja, wanajibu moja na kusukuma. Gari linatambaa shubiri mbili, tatu, magogo yanalia chini yake. La nyuma likiachwa, vijana wanalibeba mbio mpaka mbele. Khairiya alikuwa hana la kufanya ila kunyoosha usukani. Miaka yote hakuwahi kukaa ndani ya gari lile likiwa kimya linakwenda. Aliwasikia watu wakihema, akasikia majina ya mashua walizowahi kushua pamoja yakitajwa ndani ya mwito, moja moja, na mwisho Rajabo akaongeza la gari.

Saa saba wakapumzika, wakanywa maji. Saa nane lori la mwisho likafika, lisiweze kupita. Njia yote ilikuwa na magogo. Dereva akapiga honi. Luísa akamwendea akamwambia azime, asubiri. Alipoona mwendo ni mdogo alimpa Narciso karatasi zake amshikie, akaenda kusukuma kwenye taa ya nyuma. Alikuwa anajibu mwito kwa kuchelewa, lakini alikuwa anajibu.

Saa kumi kasoro robo, gurudumu la mbele liligusa kifusi chekundu. Mlinzi wa geti alitazama saa, akatazama watu, akainua chuma.

Khairiya aliwasha moto. Turbo likapiga mluzi, na mbele yake ikatandikwa barabara aliyoingoja maisha. Kando yake kulikuwa na kibao cha kampuni: mwendo thelathini. Na chini ya kibao, mtu mwenye kifaa cha kupimia.

Alikwenda thelathini. Taa aliziinua mchana kweupe, akakwenda thelathini mpaka Quitunda, na lori la watu nyuma yake likimvumilia.

Wali uliiva baada ya magharibi, uani, sufuria ya harusi imekaa juu ya mawe matatu. Mchuzi haukuwa na haraka. Watu walikula kwa sinia, wamelizunguka gari, migongo imeegemea rimu. Mmoja aliuliza bahari iko upande gani kutoka hapa. Wawili wakaonyesha, kila mmoja upande wake.

Walipokuwa wanaondoka, Rajabo alibaki nyuma ananawa mikono.

"Kesho ninataka kwenda Palma kwenye mashua," akasema. "Kuna basi la kampuni, lakini wanasema ni saa mbili. Saa mbili maji yameshatoka."

Khairiya alikuwa anakusanya masinia. "Samaki hapandi gari langu."

"Samaki atarudi na basi. Mimi nasema kwenda."

Akapangusa sinia moja, akapangusa la pili, ingawa halikuwa limelowa.

"Saa kumi alfajiri uwe hapa," akasema. "Na miguu uwe umeosha."

"Nikae mbele?"

"Nyuma kuna vitundu vya miaka miwili. Utakaa mbele, mikono mapajani, na gia usiiangalie."