Kibuyu cha Bondeni

Wageni waliofika Usikizi zama zile walistaajabu kukuta ufalme wenye askari wachache na matarishi wengi. Walipouliza sababu, waliambiwa kwamba mfalme wa kwanza wa nchi ile alikuwa kipofu, na kwa kuwa hakujaliwa kuona, alijitengenezea namna ya kusikia.

Kila Jumamosi, kila moja ya wilaya kumi na mbili ilijaza kibuyu chake. Nyumba yenye wazima watupu ilitiliwa punje nyeupe ya hindi. Nyumba yenye mgonjwa, haragwe jekundu. Nyumba iliyofiwa, mbegu nyeusi ya stafeli. Tarishi alikibeba hadi Jumba la Vibuyu, nyuma ya ikulu, na huko wanawake sita walimimina, wakatenga, wakahesabu, wakalinganisha na juma lililopita, kisha mkuu wao akaingia barazani kumweleza Mfalme. Jibu lilirudi kwa njia ileile: mganga, chakula, au wachimba visima. Halikukawia sana, wala halikukosea sana, na watu wa Usikizi walizoea kuugua bila hofu kubwa, kwa sababu walijua kwamba kuna mahali wanahesabiwa.

Mkuu wa Jumba kwa miaka kumi na tisa alikuwa Bi Kidawa, mjane mwembamba, mzaliwa wa Bondeni. Wasichana wapya aliwafunza kwa namna moja. Alimwekea kila mmoja maharage saba kiganjani, akamwuliza, "Haya, ni mengi au machache?" Msichana akisema ni mengi, alitikisa kichwa. Akisema ni machache, alitikisa kichwa vilevile. "Hujui," alimwambia. "Hutajua mpaka ukumbuke kwamba juma lililopita yalikuwa mawili, na kwamba yote saba yametoka upande mmoja wa mto. Hapo ndipo umepata habari. Kabla ya hapo una maharage tu."

Kibuyu cha Bondeni kilijazwa na mdogo wake, Mashavu, aliyepita nyumba kwa nyumba, nyumba mia tatu, akiuliza hali za watu. Alikiziba kwa gunzi, kama mama yao alivyoziba vibuyu vya maziwa. Kidawa kila alipolichomoa gunzi lile alijihisi amepokea salamu.

Mfalme mzee alipofariki, mwanawe akakalia kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana aliyechoka upesi, na habari za kuhara na kufiwa zilimchosha kuliko zote. Waziri Mkuu aliliona hilo mapema, na mwezi haukuisha kabla hajaleta barazani jambo jipya: ukuta mzima uliopigiliwa sahani kumi na mbili za shaba.

"Mtukufu Mfalme," alisema, "Bi Kidawa hukueleza mambo saa nzima. Mfalme wa leo hana saa nzima. Wilaya ikiwa njema, sahani yake itang'arishwa. Maharage yakizidi ishirini, itafunikwa kitambaa chekundu. Utatupa jicho mara moja, na ufalme wote utakuwa umeuona. Na jumbe ambaye sahani ya wilaya yake itafunikwa mara mbili, atapumzishwa."

Baraza likapiga makofi. Kidawa akaomba ruhusa ya kusema.

"Mheshimiwa Waziri, jumbe ndiye anayekusimamia kibuyu. Ukimwadhibu kwa maradhi ya watu wake, juma lijalo atakuletea nini?"

"Ataleta afya, Bi Kidawa," Waziri alijibu kwa upole. "Ndiyo maana ya uongozi."

Wazee wawili wakacheka. Mfalme naye alitabasamu, akiutazama ukuta, kwa maana shaba ilikuwa imeshika mwanga wa dirishani na kwa kweli ilipendeza.

Mwaka ule kiwanda cha ngozi kilijengwa upande wa juu wa mto wa Bondeni, cha kutengeneza ngao za walinzi wa ikulu. Miezi minne baadaye kibuyu cha Bondeni kikaja na maharage tisa. Juma la pili yakawa kumi na manane, yote ya nyumba za kando ya mto. Juma la tatu yakawa arobaini na moja, na mbegu tano za stafeli. Tarishi aliyekibeba alisimama mlangoni badala ya kwenda kupumzika.

"Mdogo wako kanituma nikwambie kwa mdomo," alisema. "Maji yananuka ngozi."

Kidawa akaenda kwa Waziri siku ileile. Alimkuta akipima mazulia, kwa kuwa Mfalme alikuwa anaoa, na wafalme wanne jirani walialikwa kuja kuuona ukuta.

"Bondeni wanakunywa maji machafu, Mheshimiwa. Kiwanda kisimamishwe kidogo, na waganga waende."

"Nimesikia, na nitalishughulikia," alisema Waziri. "Lakini wageni wanafika Ijumaa. Wilaya ya Mlimani iko jirani na Bondeni, sivyo? Mimina vibuyu vyao pamoja, ugawe kwa mbili. Wilaya mbili, hesabu moja. Hakuna uongo hapo. Kila punje ipo."

"Yatabaki zaidi ya ishirini."

"Basi ongeza na Tandale ya Juu. Bi Kidawa, sikuambii utupe hata haragwe moja. Nakuambia uchanganye."

"Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Wahenga hawakuwa na wageni Ijumaa," alisema Waziri, akarudi kwenye mazulia yake.

Kidawa alirudi Jumbani, akasimama mbele ya masinia matatu kwa muda mrefu. Alijiambia kwamba ni juma moja tu. Alijiambia kwamba akikataa ataletwa mwingine asiyejua hata kutenga. Kisha akamimina. Maharage yale yalizama katika weupe wa wilaya tatu kama mtu azamavyo majini, na sahani zote kumi na mbili ziling'aa siku ya harusi.

Juma lililofuata alimwendea tena Waziri. Akaambiwa wageni hawajaondoka. Lililofuata, Waziri alikuwa safarini. Mara ya nne Kidawa hakwenda kuuliza. Alichanganya mwenyewe, wilaya nne sasa, na mikono yake ilikwisha kuizoea kazi.

Ndipo kibuyu cha Bondeni kikaja cheupe. Punje mia tatu za mahindi, hakuna haragwe, hakuna stafeli. Wasichana walifurahi. Kidawa naye alitaka kufurahi, na kwa siku mbili nzima alijaribu. Lakini katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuona nyumba mia tatu zisizo na hata mzee mmoja anayeumwa mgongo. Na tena kibuyu kile kilizibwa kwa kitambaa cha hariri, hariri ya vilemba vya majumbe.

Siku ya tatu aliaga, akavaa viatu vya safari, akaifuata njia ya matarishi kinyume. Ilimchukua siku nne kufika Bondeni.

Shemeji yake Mbaruku, mume wa Mashavu, alikuwa ameketi mlangoni, amekonda, mikono imelala magotini. Alimtazama Kidawa bila kuinuka.

"Karibu, shemeji. Umechelewa."

"Mashavu yuko wapi?"

"Tulimzika juma la pili la mwezi. Baada yake jumbe akakichukua kibuyu, akawa anakijaza barazani pake."

Kidawa aliketi chini, mavumbini. Mbaruku akasema taratibu, kama mtu anayemsomea mwenzake barua.

"Watu walitaka kuhama, shemeji. Maji yalipoanza kunuka, nusu ya Bondeni ilifunga mizigo. Yeye ndiye aliyewazuia. Alisimama pale, akawaambia, 'Habari imeshafika. Dada yangu ndiye anayeipokea. Kwa mkono wake mwenyewe. Akiona maharage arobaini hatalala. Ngojeni Jumamosi.' Wakangoja. Jumamosi nyingine akawaambia vilevile. Hata alipolala kitandani alikuwa akiuliza kama waganga wamefika."

Hakumlaumu zaidi ya hapo. Ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

Kidawa alipita nyumba zote mia tatu, kama mdogo wake alivyokuwa akipita, na aliporudi ikulu kibuyu kilikuwa mabegani mwake. Hakukipeleka Jumbani. Aliingia nacho barazani, akakimimina kwenye zulia mbele ya Mfalme. Maharage mia moja na ishirini. Mbegu nyeusi tisini na mbili.

Mfalme alizitazama. "Hii ni nini?"

"Bondeni, Mtukufu."

Mfalme akageuka kuutazama ukuta, na sahani ya Bondeni ilikuwa iking'aa. "Ni nani aliyenificha haya?"

Waziri akainama. "Mtukufu, ukuta ulionyesha kile ulicholetewa."

"Ni mimi niliyechanganya," alisema Kidawa. "Niliamriwa, lakini mkono ulikuwa wangu. Mara ya nne sikuamriwa."

Mfalme akaziba uso kwa viganja, na waliokuwapo walisema baadaye kwamba alilia kweli. Siku ileile alikifunga kiwanda, akamfukuza Waziri, akatuma waganga ishirini na barua yenye muhuri: kila wilaya ilete kibuyu cha kweli, hakuna jumbe atakayeadhibiwa.

Waganga walifika Bondeni wakakuta milango imefungwa. Dawa walizoziacha vizingitini zilimwagwa, kwa kuwa watu walisema aliyewanywesha sumu hawezi kuwanywesha dawa. Katika wilaya nyingine majumbe waliisoma barua, wakaona ni mtego, wakatuma mahindi meupe. Wilaya mbili za mpakani hazikutuma kitu. Tarishi alipokwenda kuuliza, alikuta majivu ya jikoni na nyayo zinazoelekea nchi jirani. Mfalme akawa anaketi barazani tangu asubuhi akingoja kusikia, na vibuyu vilivyomfikia havikuwa na la kumwambia. Ufalme haukupinduliwa na mtu. Ulipungua tu, kila mwezi nyumba kadhaa, na ikulu ilikuwa ya mwisho kujua.

Kidawa alingoja adhabu. Haikuja. Akafunga mizigo yake michache, akahamia Bondeni, katika chumba cha nyuma cha Mbaruku. Kila Jumamosi alipita mlango kwa mlango akiuliza hali. Wengine walimgeuzia mgongo. Wengine walimtemea mate miguuni, naye akafuta kwa upindo wa kanga, akasogea mlango wa pili.

Baada ya majuma mengi, mama mmoja aliyekuwa akipembua mchele alimjibu bila kuinua uso.

"Unataka kujua ili iweje, Bi Kidawa? Utampelekea nani?"

"Sina wa kumpelekea, mwanangu."

Mwanamke akaendelea kupembua. Ungo ukapanda, ukashuka. Kisha akasema, "Wawili. Mume wangu na mamaye. Tangu jana, na maji ya kisimani hatuna wa kutuchotea."

Kidawa alilirudia neno lile kwa sauti ndogo, wawili, kama alivyokuwa akifanya mbele ya masinia. Akatazama pembeni mwa mlango, akaziona ndoo. Akazichukua zote mbili, akashika njia ya kisima cha juu, mbali na mto, kupanda mlima kwa mwendo wa saa nzima.