Uso wa Shangazi

Kazi yangu ni kuuliza swali moja. Kila anayefika dirishani kuchukua dawa ya maumivu namuuliza: "Wewe au ndugu yako wa damu, mmewahi kudhurika na dawa hizi?" Nimekaa chuoni miaka mitatu ili niulize swali hilo, na bado nauliza kama mtu anayeomba radhi. Wazee huinama hadi kwenye kioo: "Unasemaje, binti? Au unasali?"

Asubuhi ile alikuja shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, na cheti cha daktari kwa ajili ya goti. Shangazi huyu anaogopwa. Kwenye kila shughuli ya ukoo, asubuhi utamkuta anacheka. Ikifika alasiri yuko pembeni, uso umefura, macho yamebaki mistari miwili. "Amenuna tena," watu hunong'ona. "Kama alinuna harusi ya kaka yake, itakuwa leo?" Harusi hiyo ilikuwa ya baba na mama, kwa hiyo mimi nilizaliwa nimeshanuniwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Swali sikuliuliza. Utamuulizaje mtu kama yule ni kitu gani kinamdhuru? Akijibu, "Nyinyi"? Nikampa vidonge vyake vya maumivu, diklofenaki, nikamwambia ale kwanza, akaenda.

Haikupita muda jino likaanza kunigonga. Nami nikameza diklofenaki moja. Nilipoajiriwa nilijaza fomu yenye swali lile lile, na kote nikaandika "Hapana" bila kumuuliza ndugu hata mmoja. Mwandiko mzuri ajabu.

Baada ya nusu saa mteja mmoja akaniuliza kwa nini namkasirikia. Bosi wangu, mfamasia, akageuka, akaangusha kalamu.

"Unapumua vizuri? Kifua hakibani?"

"Hakibani."

Akanichoma sindano, akanikalisha, akanipa kioo. Ndani ya kioo alikuwemo shangazi.

"Kwenu nani ana mzio wa dawa hizi?" akauliza. "Wakati mwingine hali hii hutembea kwenye damu. Mtu huirithi kama anavyorithi pua."

Nikakumbuka shughuli zetu na makelele yake, shangazi akishika kichwa, kisha akipekua mkoba kutafuta kidonge. Mama yangu! Nilimpigia shangazi simu mara tatu, haikupokelewa. Nikaanza kulia, jambo ambalo halikuyasaidia macho yaliyobaki.

Bosi alifunga dirisha, akachukua sindano nyingine. "Twende wote. Kama ni kuanguka, uanguke mbele yangu."

Shangazi anakaa mtaa wa pili. Tulimkuta mezani, sahani ameshaimaliza, kidonge kiganjani, glasi ya maji mkono wa pili.

"Shangazi, usimeze!"

Jirani alichungulia dirishani. Hata mimi niligeuka kuona ni nani aliyepiga kelele.

Shangazi akaweka glasi chini. "Nani amekupiga?"

"Dawa, shangazi. Hiyo hiyo uliyoshika." Kisha nikamuuliza swali langu lote, neno kwa neno, kwa sauti.

Akakirudisha kidonge mezani. "Mimi nilidhani ni kichwa chenyewe. Kikiuma sana, uso unajaa. Harusi ya babako walinikalisha chini ya spika, nikameza viwili."

"Kumbe hukumnunia mama?"

"Nimnunie kwa lipi? Si mimi niliyemleta hapa nyumbani akaonana na babako?"

"Mbona hukusema, miaka yote hii?"

"Nimwambie nani? Mkiona uso tu mnakimbia. Hakuna aliyeniuliza."

 Bosi akatoa fomu mpya mfukoni, akaisukuma mbele yangu. Penye ndugu wa damu nikaandika "Ndiyo", halafu "shangazi". Mwandiko ulikwenda upande, maana nilikuwa naona kwa jicho moja.

Shangazi akaegemea bega langu kusoma. "Ongeza hapo," akamwambia bosi, "kwamba huyu hufokea wakubwa." Kisha akanishika shavu lililofura, akaligeuza huku na huku kama anayepima embe sokoni. "Lakini mwanangu, tunafanana kweli."