Kushoto Baada ya Ngome

Siku ya soko, saa tatu asubuhi, fundi wa mapazia alifunga duka lake. Muuza vyombo wa jirani alimtolea macho.

"Kulikoni?"

"Natembea kidogo na Baba."

Ukweli ni kwamba alikwenda kumpima. Mzee wake, mwalimu mstaafu wa historia, alikuwa na miezi miwili ya kujibu asiyoulizwa. Ukimwuliza kama amekunywa dawa, anakwambia mvua itachelewa. Jumapili binti huyu alimwomba chumvi mezani, mzee akatikisa kichwa kwa huzuni: "Alishafariki yule, zamani."

Wajukuu walicheka. Binti hakucheka. Kaka yake mkubwa alipopata habari, alikata shauri kwenye simu: "Akili imechoka hiyo. Jumamosi nakuja kumchukua."

Ndipo binti alipoikumbuka njia ya mzunguko. Kila mwaka mzee aliwapitisha wanafunzi huko: unaanzia nyuma ya ghala la nafaka, daraja la mawe, ngome iliyobomoka, kisima cha wafungwa, makaburi ya wajenzi wa reli, kisha unaingia tena sokoni kwa upande wa pili. Akaapa moyoni: akiikumbuka, nitabishana na kaka, akiisahau, nitamfungashia nguo mwenyewe.

Darajani mzee alipapasa mawe. "Tao hili la kati lilijengwa mara mbili. La kwanza lilibebwa na mafuriko pamoja na fundi wake." Ngomeni alionyesha matundu ya bunduki na mahali palipokuwa jiko. Binti akaanza kupumua vizuri.

Baada ya ngome njia iligawanyika. Kibao cha KISIMA kilielekea kulia. Mzee akashika kushoto.

"Baba, kibao kinasema kulia!"

"Basi kinadanganya."

 Binti akamshika mkono, taratibu, kama mtu anayemshika mgonjwa. "Twende huku, Baba." Mzee alimtazama kidogo, kisha akafuata kwa utii. Hilo la kutii ndilo lililomuumiza zaidi.

Walitembea nusu saa, wakagota kwenye uzio wa waya. Ng'ambo yake kulikuwa na mabanda ya kuku. Mtunza kuku akaja na ndoo mkononi, akasimama kushoto kwa mzee.

"Mnatafuta kisima? Poleni jamani. Trekta letu lilikiangusha kile kibao. Nikakisimika tena, ila sikujua kilikuwa kinatazama wapi. Kisima kiko kushoto."

Binti alicheka mpaka akachuchumaa.

"Mzee, nikuletee maji?" mtunza kuku aliuliza.

"Ishirini na nane," mzee akajibu, "halafu nikastaafu."

Kicheko kikakatika. Lakini safari hii binti alikuwa amemtazama babake usoni, akaona jinsi alivyokodoa macho kwenye midomo ya yule mtu. Akainuka, akasimama kulia kwake, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, unataka maji?"

"Nataka. Kwani nimekatazwa?"

Akazunguka upande wa pili, akarudia vilevile.

"Nani amekufa tena?" mzee akauliza.

"Baba! Sikio hili linasikia?"

Mzee akainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyefumaniwa. "Limeziba tangu msimu wa vumbi. Nilikuona na ile oda ya mapazia ya hoteli, hulali. Nikasema nisikuongezee mzigo."

"Na sisi tulikuwa tunakufungashia virago!"

Walirudi njia panda, wakashika ile ya kushoto, wakakiona kisima, wakapita makaburini, wakaufunga mzunguko mchana jua likiwa utosini. Hawakwenda nyumbani, walikwenda moja kwa moja zahanati. Tabibu alipiga maji ya uvuguvugu kwenye lile sikio, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kipande cha nta chenye ukubwa wa punje ya harage kikadondoka kwenye bakuli.

Mzee alishtuka, akatazama ukutani. "Saa yenu inapiga kelele hivyo, mnafanyaje kazi humu?"

Binti alimpigia kaka yake. Kabla hajamaliza kueleza, mzee alimpokonya simu, akaiweka kwenye sikio la kushoto kwa makusudi.

"Jumamosi njoo, mwanangu. Uje na viatu vya maana, nitakutembeza."

Binti aliketi kwenye benchi la zahanati, miguu ikimuuma, akalia kidogo. Tabibu alimwuliza kama naye anaumwa.

"Hapana," alisema, akijifuta kwa mtandio. "Mimi nimepona."