Kisanduku cha Baba Mkwe

Mzee Asajile akakohoa uani. Kisa akaacha kompyuta ikiwaka, akachomoka kwa mlango wa jikoni, khanga nusura imdondoke. Ndiyo maisha yao hayo. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mwana hatazamani na baba mkwe wala hasemi naye, na mzee huyu hakuwa mtu wa kulegeza kamba. Mama mkwe alipokuwa hai, maneno yalipitia kwake. Sasa mama amezikwa, mumewe Dickson yuko safarini na lori, na nyumba imebakiwa na watu wawili wanaokimbiana.

Kukimbiana walishazoea. Shida ni kwamba mzee hali. Kisa huacha sahani mezani, akirudi huikuta vilevile, imepoa. Dickson akipiga simu, baba humjibu kwamba ameshiba. Ameshiba nini, jamani, na suruali inamvuka? Kisa aliogopa kwelikweli. Alimpenda mzee yule ambaye hajawahi kumwona vizuri usoni.

Bahati nzuri mzee alikuwa karani bandarini Itungi, kupiga chapa alijua. Kwenye kompyuta anayochapia kazi za watu, Kisa akatengeneza kiprogramu kama alivyofundishwa chuoni: kidirisha kinajitokeza, juu swali, chini kisanduku cheupe cha kuandikia, pembeni kitufe cha Sawa. Akauliza, "Baba, nikupikie nini?"

Mzee akaingia, akakaa, akabonyeza Sawa bila kuandika hata herufi. Akatoka.

Kisa alilia jikoni. Kisha akalifuta swali lile, maana hata mhudumu wa hotelini huuliza hivyohivyo. Akaweka jingine: "Baba, mama alikuwa anakupikia nini mkiwa wawili tu?"

Safari hii vitufe vililia, vikanyamaza, vikalia tena. Kisa aliporudi alijilaumu: kisanduku alikifanya cha mstari mmoja, na maneno ya mzee yalikuwa yamepita ukingo. Akayavuta taratibu kwa mshale, akisoma.

"Mbalaga na dagaa wa ziwani. Lakini chakula chako ni kitamu, ndaga, asante. Ila tangu nioe sijawahi kula peke yangu. Sijui wanaanzaje, mwanangu."

Mchana Kisa akapika mbalaga, ndizi zile za mama, na dagaa. Akaacha sahani ya mzee mezani, akaenda kukaa na yake nyuma ya mlango wa jikoni, mgongo ukutani. Kikohozi, kisha kiti kikavutwa. Kisa akagongesha sahani yake sakafuni makusudi, asikike. Akanawa, akatia tonge mdomoni, akangoja.

Upande wa pili, maji yakamiminwa kwenye beseni la kunawia.