Mstari wa Mwisho wa Sir Gerald

Nilimvalisha Sir Gerald Wainfleet kwa wiki sita, mwaka 1997, katika ukumbi mmoja wa tamthilia katikati ya Washington. Nilimfunga vifungo, nikamvika joho la kifalme, nikamvua. Wengine huiona kazi ndogo. Mimi nilikuwa na miaka sitini na minne, cheti changu cha sekondari nilikipata kwa kusoma jioni baada ya kazi, na nilijua ninamvalisha nani.

Alianza Uingereza akiwa na miaka kumi na tisa, akishika mkuki jukwaani. Miaka minne hakupewa neno hata moja.

"Nilisimama vizuri," aliniambia nikimfunga mkanda, "mpaka wakaona aibu kuninyamazisha."

Baadaye akaigiza mwana wa mfalme, kisha mfalme, na Malkia akampa cheo cha Sir. Sinema zilimwita, akaenda mara moja tu, akarudi akisema kamera haipumui. Sasa alikuwa na miaka sabini, na bado alikariri maneno yake kwa kuyanakili kwa mkono, kama mwanafunzi. Hilo ndilo lililoniteka. Nikanunua nakala ya mchezo, nikaisoma kwenye treni kutoka Laurel, tulikoishi, kwenda na kurudi, mpaka nikaujua wote.

Siku mbili kabla ya ufunguzi walifanya mazoezi kamili, viti vikiwa vitupu. Nilisimama pembeni ya jukwaa. Mfalme amejivua taji, walinzi wamemzibia mlango. Sir Gerald akawaambia, "Mlikuwa mkilinda taji, si mimi." Kisha akanyamaza.

Nikasubiri. Nikadhani amesahau, nikamwonea huruma. Nikasema kwa sauti iliyofika viti vya nyuma:

"Fungueni mlango. Ninatoka kama nilivyoingia," nikavuta pumzi, "mtu."

Wote wakageuka. Simiyu, fundi wa jukwaa, Mkenya wa Bungoma, alinivuta mkono.

"Wee mzee! Mstari wa mwisho hausemwi mpaka watu wakae kwa viti. Huo ni mwiko wao. Umeletea mchezo mkosi!"

"Sikujua."

"Na vile unasoma vitabu hivyo vyote?"

Msimamizi wa jukwaa akaniambia nisimguse Sir Gerald tena mpaka mwenyewe aseme kama ananitaka.

Nyumbani, mke wangu Leokadia aliweka kijiko chini. "Baba Adela, kwetu nani anamsemea mtu mkubwa?"

"Nilidhani amesahau."

"Hata angesahau! Kesho kamwombe radhi."

Kesho yake nilibisha mlango wa chumba chake. Nilikuwa nimevaa tai.

"Nisamehe, Mzee," nikasema. Neno hilo nilikuwa nimemfundisha wiki ya kwanza, na alilipenda.

"Miaka hamsini na moja nimeuheshimu mwiko ule," akajibu bila kugeuka kutoka kwenye kioo. "Sema tena."

"Hapana, Mzee."

"Umeshavunjika. Sema."

Nikasema. Akanitazama kupitia kioo.

"Mbona unasimama kabla ya neno la mwisho?"

"Mwalimu wetu wa shule ya jioni kule Bukoba alitufundisha hivyo. Neno usilotaka lipotee, lisafishie njia kwanza."

Alivuta daftari lake, akachora alama ndogo kwa penseli.

"Mimi kichwani nilikuwa nikilikimbilia," akasema. Halafu akanyoosha mikono yote miwili nyuma, kama alivyofanya kila siku. "Joho langu liko wapi?"

Usiku wa ufunguzi ukumbi ulijaa, Leokadia akiwa safu ya juu kabisa. Sir Gerald alifika mwisho. Fungueni mlango. Ninatoka kama nilivyoingia. Akavuta pumzi. Nami nikaivuta, nikasahau kuitoa.

"Mtu."

Watazamaji wote wakasimama, wakapiga makofi.

Alitoka jukwaani amelowa jasho, akanigeuzia mgongo nimvue joho.

"Nimelisafishia njia?"

"Umelisafishia, Mzee."

Simiyu akapita na kamba begani. "Haya, kesho huyu atataka jina lake liandikwe pale mlangoni!"

Kwenye gari, tulipokaribia Laurel, Leokadia alinigeukia.

"Yule Mzungu," akasema, "mwishoni pale amesema kama wewe ukiombea chakula."

"Amesema vizuri kuliko mimi," nikamjibu, na ilikuwa kweli.