Bi Pasi na Mwezi wa Kwanza

Viatu vya mzee vilikuwa havimwingii tena. Bi Pasi alipiga magoti sakafuni, akalegeza kamba zote, akaingiza kijiko nyuma ya kisigino na kusukuma. Wapi. Mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa. Mumewe, fundi viatu aliyewavalisha nusu ya mtaa, alikaa ukingoni mwa kitanda akiutazama.

"Mteja huyu kanidanganya namba," alisema.

"Acha masihara. Vaa ndara ukae. Nitakwenda peke yangu."

Mzee alitaka kumsindikiza ofisi ya bima, maana siku hii waliingoja tangu mwaka uanze. Figo zake zilikuwa zimegoma. Damu ilisafishwa kwa mashine, na daktari alishasema bila kuzunguka: mara mbili kwa wiki. Ikiwa mara moja tu, maji yatapanda kifuani, na hapo hakuna tena cha kujadili. Bima ya wastaafu aliyokuwa nayo Bi Pasi, ile ya Mpango wa Kawaida, ililipa mara moja. Ya pili walijilipia wenyewe. Friji liliondoka, ikafuata cherehani ya ngozi, na wiki iliyopita hakikubaki tena kitu cha kuondoka.

Mpango Mpana ulilipa zote mbili. Kuhama kutoka mpango huu kwenda ule kuliruhusiwa, lakini mara moja kwa mwaka, ndani ya mwezi aliozaliwa mwanachama. Ujumbe ulikuja kwenye simu na Bi Pasi akausoma mara tatu. Yeye alizaliwa mwezi wa nane, marehemu mama yake alikuwa akimsimulia mpaka mvua iliyonyesha siku hiyo. Basi wakajikaza, wakauza hiki na kile, wakisema tufike tu mwezi wa nane. Na sasa umeingia.

Ofisi ya bima ilikuwa na viti vya chuma vilivyounganishwa safu nzima, mmoja akikohoa watano wanatikisika. Bi Pasi alichukua namba, akakaa. Wastaafu wenzake walikuwa wamejaa tele, kila mtu na bahasha yake kifuani. Kaunta zilikuwa sita, wahudumu wawili. Jua lilikuwa limeshafika utosini namba yake ilipoitwa.

"Shikamoo, mama," alisema binti wa kaunta. Alikuwa na adabu, na macho mekundu ya mtu anayekodolea kompyuta kutwa.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuhama. Nataka Mpango Mpana, mimi na mzee wangu."

Binti akachukua kadi, akabofya, akabofya tena. "Mama, muda wako wa kuhama ulishapita. Ulikuwa mwezi wa kwanza."

"Hapana. Mimi nimezaliwa mwezi wa nane."

"Mfumo unaonyesha tarehe moja, mwezi wa kwanza."

"Huo mfumo ulikuwepo mama yangu alipokuwa anaugua uchungu?"

Mzee mmoja nyuma yake akacheka. Binti naye nusura acheke, akajizuia, akamgeuzia kioo cha kompyuta ajionee. Bi Pasi alipoona tarehe hiyo, aliitambua. Aliifahamu miaka mingi na hakuwahi hata siku moja kuihesabu kuwa ni yake.

Iko hivi. Bi Pasi alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali ya serikali, ndiko alikopata jina. Siku walipoajiriwa, yeye na wenzake kumi na kitu, nyapara alikuwa na haraka zake. Hakumuuliza mtu amezaliwa lini. Aliwaandika wote tarehe moja, mwezi wa kwanza, akawakabidhi aproni, kazi ikaanza. Nani angegombana na mkate wake siku ya kwanza? Ikageuka utani. Walijiita mapacha. Kila mwaka mpya walikutana kwenye joto la mashine za pasi, wakanywa chai ya birika moja, wakapongezana kwa kuzaliwa, huku wakicheka mpaka machozi. Ulikuwa uongo wa kazini, kama yale majina ya kutaniana. Jioni ukivua aproni unauacha hukohuko. Kumbe serikali haikuwa inatania.

"Mwezi wa kwanza nilikuwa hapahapa," Bi Pasi alisema taratibu. "Mlituita kutuhakiki kama bado tuko hai. Mzee wangu alikuwa ameshaanza mashine. Mbona hamkuniambia?"

"Uhakiki ni kitengo kingine, mama."

"Kiko wapi?"

Binti akaonyesha kwa kidevu kaunta ya jirani. Ilikuwa umbali wa mkono.

"Basi nirekebishie tarehe. Nitaleta watu waliokuwepo nikizaliwa."

Hapo binti alisogea karibu na tundu la kioo cha kaunta, akapunguza sauti. "Mama, nakushauri kama mama yangu. Usiguse hiyo tarehe. Ukisema si yako, faili la pensheni linafunguliwa upya. Watasema ulistaafu kwa tarehe ya uongo. Pensheni inasimama mpaka uchunguzi uishe, na bima nayo inasimama, kwa sababu inakatwa kwenye pensheni. Kuna wengine wana miaka wanazungushwa."

"Kwa hiyo nikisema kweli nakosa hata ile mara moja."

"Ndiyo, mama."

"Na nikinyamaza nasubiri mwezi wa kwanza."

"Ndiyo."

"Hafiki," alisema Bi Pasi. Hakulia. Alisema kama anayetaja bei ya sabuni. "Mwezi wa kwanza hafiki."

Binti alitazama foleni, akatazama mlango wa bosi wake. "Kuna mambo matatu yanaruhusu kuhama katikati ya mwaka. Kuhamia mkoa mwingine kikazi, na wewe huna kazi. Talaka. Na..." akasita. "Na kifo cha mwenzi."

"Akifa ndiyo nitaruhusiwa kuhamia mpango ambao ungemtibu?"

"Ndivyo sheria ilivyoandikwa, mama. Sikuiandika mimi."

Ni kweli hakuiandika yeye. Walioiandika hawakai kaunta, wala hawashiki namba. Bi Pasi aliona hasira inampanda na hakuona pa kuitua, kwa sababu mbele yake alikuwa mtoto wa watu tu aliyekosa chakula cha mchana.

"Una mtoto aliyeajiriwa?" binti aliuliza.

"Mmoja. Anafundisha, mji mwingine."

"Bima ya walimu inalipa mashine zote. Mzazi anaingizwa wakati wowote. Ila lazima awe mzazi asiye na mwenzi mwenye bima." Akairudisha kadi kupitia kwenye tundu. "Sijakuambia kitu, mama."

Nyumbani alimkuta mzee ameegemea mito mitatu, maana akilala chali pumzi zinamkata. Alimweleza yote bila kuficha. Miaka arobaini ya ndoa hawakuwahi kufichana kitu ila ugonjwa wa jino. Mzee alisikiliza akichezea ncha ya shuka. Bi Pasi alipofika kwenye lile la mwisho, la mzazi asiye na mwenzi, akaishia njiani, kana kwamba neno lenyewe lina harufu.

"Malizia," mzee alimwambia.

"Nimemaliza."

"Talaka inachukua muda gani?"

"Usinichekeshe leo."

"Sikuchekeshi, mama watoto. Niache. Binti yako aniandike kwake, baba asiye na mke. Mke mwenyewe ataendelea kunipikia uji hapahapa, nani atakuja kuchungulia?"

"Mahakama wanataka sababu. Jirani yetu alipoachana waliuliza kila kitu, mpaka mambo ya chumbani. Niwaambie nini? Ulinipiga?"

"Sijawahi kukupiga."

"Ndiyo nauliza."

Wakakaa wakitafuta kosa. Ulevi? Hakunywa. Wanawake? Hapo mzee alichangamka kidogo, akasema hilo analiafiki, litampandishia hadhi mtaani. Bi Pasi akamwambia kwa miguu hiyo hakuna hakimu atakayeamini. Walicheka, kisha kicheko kikawaishia wote wawili kwa pamoja, na Bi Pasi akaanza kulia, kilio cha kuuma meno, asijue amlilie mumewe au ajililie yeye. Alikuwa ameshazoea kuuza vitu. Hakujua kwamba orodha ingefika hapa.

"Sema nilikutelekeza," mzee alisema baadaye. "Sema silipi chochote ndani ya nyumba. Hilo hata si uongo, siku hizi."

"Umewahi kunitelekeza wewe?"

"Sasa hivi ndiyo nakaribia. Unataka uniache mahakamani au unizike?"

Bi Pasi alifuta macho, akainuka. Alikwenda kumpigia simu binti yao kumweleza, na binti akalia kwenye simu, lakini hakusema hapana.

Kesho yake walifika mahakamani mapema. Ngazi zilikuwa chache, ila walizipanda kwa mapumziko, mzee na ndara zake, mkono wake juu ya bega la mkewe. Mlinzi aliwapisha, akadhani wamekuja kusimamia mirathi ya mtu. Ndani, karani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi alikuwa akipanga mafaili. Aliwaangalia walivyoshikamana, akavuta kiti.

"Karibuni, wazazi. Shida gani?"

"Tumekuja kuachana," alisema Bi Pasi.

Karani alingoja, pengine akidhani atasikia kicheko. Hakikuja. Mzee alikuwa anahema, akitikisa kichwa kukubali.

"Mlalamikaji ni nani?"

"Mimi."

"Unalalamikia nini?"

"Kanitelekeza," alisema Bi Pasi, na sauti haikutetemeka, kwa sababu aliifanyia mazoezi usiku kucha. "Miaka mingi. Hanijali."

"Ni kweli, mzee?"

"Ni kweli," alisema fundi viatu. "Simjali kabisa."

Karani aliandika. Pengine alielewa, pengine hakuelewa; wa namna yao walikuwa wameanza kuja wengi. Kisha akanyoosha kalamu. "Mtasubiri hakimu. Mlalamikaji hukaa benchi la kushoto, mlalamikiwa la kulia. Ni utaratibu, msikae pamoja."

Bi Pasi alimpeleka mumewe benchi la kulia. Alimkalisha pole pole, akamwekea mtandio wake mgongoni ili ubao usimuumize, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka, akasubiri mpaka pumzi zake zikatulia. Kisha akavuka chumba, akaenda kukaa upande wake.