Punda Aliyetumwa Bila Mtu

Mwanzo wa mwaka wa 1978, redio ya Harjit, fundi wa matrekta hapa Mau Narok, ilitangaza kioja. Warusi wamerusha chombo kisicho na mtu ndani, kimebeba chakula, maji na mafuta, nacho kimejipeleka chenyewe mpaka kwenye nyumba yao ya angani, wanakokaa wanaume wawili.

"Hakuna dereva?" nikauliza.

"Hata utingo hakuna, Mama Naftaly."

Nikamfikiria mume wangu, Wasike. Alikuwa akilinda ngano juu mlimani, pundamilia wasiimalize, na kila mchana nilimpelekea ugali kwa punda. Sasa kwaya yetu ilikuwa inaenda kushindana Nakuru Jumamosi, na mazoezi yaliangukia saa ileile ya kupeleka chakula. Wasike alikuwa ameshasema: siku chakula kisipofika, kwaya imekwisha. Lakini hakusema lazima kifike na mimi.

Nikamfunga punda kapu, nikamchapa kofi la matako. "Nenda, Mrusi!" Akaenda, njia anaijua.

Shida ni kwamba aliijua vile mimi huipita. Mimi sipiti lango la Chepkemboi bila salamu, na salamu zangu si za haraka. Punda akasimama pale. Chepkemboi akatoka, akaona kapu, mwenye kapu hayuko.

"Uuwi, Akoth ni mgonjwa!" Akatia kibuyu cha maziwa.

Punda akangoja kiasi chetu cha kawaida, kisha akasonga hadi kwa Chepkemei. Huyo alipoona kibuyu cha mwenzake, akaelewa watu wameanza kuchanga. Akatia viazi. Lango la tatu, mke wa mchungaji akaona maziwa, akaona viazi, akajiambia watu hawachangi hivyo kwa sababu ya homa. Akatia sukari na majani ya chai, vile hupelekwa matangani.

Wasike alipofungua kapu akakuta sukari na majani ya chai, akajua mimi ni marehemu.

Akawaachia pundamilia ngano ya watu, akateremka mbio akimvuta punda, na wale wanawake watatu wakamfuata wakilia. Wakatukuta kanisani kwenye mazoezi, mimi mbele, mdomo wazi, natoa sauti ya kwanza.

"Akoth! Uko hai?"

"Baba Naftaly, chakula kilifika?"

"Kilifika na matanga yake!" Akaketi sakafuni, hajui acheke ama alie. Tukachemsha ile chai ya matanga yangu, tukainywa palepale. Ilikuwa tamu kweli.

"Na huyu punda," akasema akitafuna ugali baridi, "mbona anasimama kwa kila lango?"

"Muulize. Mimi sikuwepo."

Chepkemboi akaangalia mabati ya paa kama asiyehusika.

Wasike akatafuna, akameza. "Sawa. Chakula kilifika. Enda uimbe."

Basi Jumamosi tukaenda Nakuru. Kwaya zilikuwa tano, tukawa wa nne, na Wasike alipiga makofi hata kabla hatujafungua midomo.